Kaisari Yongle wa China: Maisha na Utawala Wake (1360–1424)

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii, unapaswa kuweza:

1. kueleza jinsi Zhu Di alivyopata kiti cha enzi;
2. kufafanua kazi kubwa za utawala wake na sababu zake;
3. kuonesha uhusiano wa China na pwani ya Afrika Mashariki katika kipindi hicho;
4. kupima faida na gharama za utawala wake kwa kutumia ushahidi.

Utangulizi

Kaisari Yongle alitawala China kwa miaka 22, kuanzia 1402 hadi 1424. Ndiye aliyehamishia makao makuu Beijing, aliyejenga jumba la kifalme ambalo bado limesimama mjini humo, aliyefufua Mfereji Mkuu na aliyetuma merikebu zilizofika hadi pwani yetu. Watahiniwa wengi hukariri mambo haya kama orodha ya sokoni, kisha hukwama swali linapouliza "kwa nini".

Ufunguo wa mada ni huu: Yongle hakurithi kiti cha enzi. Alikinyakua kwa vita kutoka kwa mtoto wa kaka yake. Mtawala aliyeingia kwa njia hiyo alilazimika kuwaonesha watu wake, tena na tena, kwamba anastahili kukaa hapo alipokaa. Hii si sababu pekee ya matendo yake, lakini inayaunganisha mengi.

1. Kuzaliwa na kukua kwake

Jina lake la kuzaliwa ni Zhu Di. Alizaliwa mwaka 1360, China ikiwa bado chini ya Wamongolia wa nasaba ya Yuan, huku maasi yakiwaka kila upande. Baba yake, Zhu Yuanzhang, alikuwa mtoto wa wakulima fukara. Alifiwa na wazazi kwa njaa na maradhi, akaishi kwa muda katika monasteri ya Kibudha, kisha akajiunga na waasi na kupanda hadi kuwa kiongozi wao. Mwaka 1368 majeshi yake yaliwafukuza Wamongolia kutoka mji wao mkuu. Akaanzisha nasaba ya Ming na kutawala kwa jina la Hongwu, makao yake makuu yakiwa Nanjing, upande wa kusini.

Zhu Di alikuwa mtoto wa nne wa kiume. Mwaka 1370 alipewa cheo cha Mwanamfalme wa Yan, na mwaka 1380 akahamia Beiping, mji uliokuwa makao makuu ya Wamongolia na ambao leo unaitwa Beijing. Kazi yake ilikuwa kulinda mpaka wa kaskazini. Mwaka 1390 aliongoza jeshi katika theluji hadi kambi ya Wamongolia na kuwalazimisha kusalimu amri. Miaka hiyo ya kaskazini ilimpa mambo mawili yaliyomfaa baadaye: askari waliomwamini, na ujuzi wa vita ambao ndugu zake wengi hawakuwa nao.

2. Jinsi alivyopata kiti cha enzi

Hongwu alikuwa amemteua mwanawe wa kwanza kuwa mrithi, lakini mrithi huyo alifariki mwaka 1392. Badala ya kuchagua mtoto mwingine, Hongwu alimteua mjukuu wake, Zhu Yunwen, mtoto wa marehemu. Hongwu alipofariki mwaka 1398, kijana huyo wa miaka 20 akawa kaisari kwa jina la Jianwen.

Jianwen na washauri wake waliwaogopa baba zake wadogo waliokuwa na majeshi mikoani. Katika muda wa mwaka mmoja hivi waliwavua vyeo wanamfalme watano. Mmoja wao alijichoma moto pamoja na jumba lake kuliko kukamatwa. Zhu Di aliona zamu yake inakuja. Mwaka 1399 akaasi. Hakusema kwamba anampinga kaisari; alidai kwamba anamwokoa kutokana na washauri wabaya.

Vita vilidumu miaka mitatu. Jianwen alikuwa na askari wengi zaidi na utajiri wa kusini, lakini majemadari wake walikosea mara nyingi. Mwaka 1402 Zhu Di aliacha kupigania miji ya njiani mmoja mmoja, akashuka moja kwa moja hadi Nanjing. Wakubwa waliokuwa wakilinda lango walimfungulia. Siku hiyo jumba la kifalme liliungua. Zhu Di alitangaza kwamba mwili wa Jianwen umepatikana katika majivu, lakini uvumi kwamba kijana huyo alitoroka haukuisha kwa miaka mingi.

Zhu Di akatawazwa na kuchagua jina la utawala la Yongle, maana yake furaha ya kudumu. Hatua zake za kwanza hazikufanana na jina hilo. Mwanazuoni mashuhuri Fang Xiaoru alitakiwa aandike tangazo la kutawazwa, akakataa. Aliuawa pamoja na jamaa na wanafunzi wake. Masimulizi ya baadaye yanataja watu 873. Miaka minne ya Jianwen ikafutwa katika kalenda: mwaka 1402 ukaitwa mwaka wa 35 wa Hongwu, kana kwamba Jianwen hakuwahi kutawala. Kumbukumbu rasmi za utawala wa Hongwu nazo ziliandikwa upya mara mbili chini ya Yongle.

3. Kazi kubwa za utawala wake

(a) Ensaiklopidia ya Yongle. Wasomi wengi walimchukia kwa mauaji ya 1402, naye aliwahitaji, kwa sababu ndio walioendesha serikali. Mwaka 1403 aliagiza maarifa yote ya China yakusanywe katika kitabu kimoja. Wasomi zaidi ya 2,000 waliifanya kazi hiyo, ikakamilika mwaka 1408 ikiwa na juzuu 11,095, zote zimeandikwa kwa mkono. Kazi hii ilihifadhi maandishi ya kale na ikawapa wasomi ajira na heshima chini ya mtawala mpya. Nakala ya kwanza imepotea. Ya nakala iliyonakiliwa baadaye zimebaki juzuu takribani 400 tu.

(b) Beijing na Mfereji Mkuu. Nanjing ulikuwa mji wa Jianwen, na wafuasi wake walikuwa wengi huko. Kaskazini ndiko kulikokuwa na nguvu ya Yongle, na ndiko hatari ya Wamongolia ilikotoka. Kwa hiyo mwaka 1403 aliupa Beiping jina la Beijing, yaani makao makuu ya kaskazini. Ujenzi wa jumba la kifalme, liitwalo Mji Uliokatazwa kwa sababu mwananchi wa kawaida hakuruhusiwa kuingia, uliagizwa mwaka 1406 na kukamilika 1420. Mwaka 1421 Beijing ikazinduliwa rasmi kuwa makao makuu.

Tatizo lilikuwa chakula. Kaskazini ni kukavu, na mpunga mwingi hulimwa kusini. Mfereji Mkuu, uliochimbwa karne nyingi kabla, ulikuwa umejaa mchanga katika sehemu ya Shandong. Mwaka 1411 waziri Song Li alipewa vibarua 165,000 kuuchimbua. Sehemu ya juu ya njia ilikosa maji, na mzee wa kijiji aitwaye Bai Ying akashauri mto wa jirani uzuiwe kwa bwawa ili maji yaelekezwe kwenye kilele cha mfereji, yagawanyike kwenda kaskazini na kusini. Milango ya maji ilijengwa kuinua na kushusha mashua. Kufikia 1415 nafaka ya kusini ilifika kaskazini kwa mfereji, na serikali ikaacha kutegemea njia ya hatari ya baharini.

(c) Safari za Zheng He. Zheng He alizaliwa Yunnan katika familia ya Kiislamu. Akiwa mtoto alitekwa na majeshi ya Ming, akahasiwa, na kupelekwa kumtumikia Zhu Di. Alipigana upande wake katika vita vya 1399–1402 na kupata imani yake. Kati ya 1405 na 1433 aliongoza safari 7 za baharini. 6 kati ya hizo ziliagizwa na Yongle. Safari ya kwanza ilibeba watu zaidi ya 27,000.

Merikebu hizo hazikutumwa hasa kutafuta makoloni. Zilibeba hariri, vyombo vya kauri na zawadi nyingine, na kuwaalika watawala wa mbali watume wajumbe China kutoa heshima zao kwa Kaisari. Kwa mtawala ambaye uhalali wake ulitiliwa shaka nyumbani, wajumbe wa nchi za mbali waliopiga magoti mbele yake walikuwa ushahidi kwamba Mbingu imemkubali.

Hapa ndipo pwani yetu inapoingia. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifikisha twiga China. Mwaka mmoja kabla yake, twiga mwingine alikuwa amepelekwa na mtawala wa Bengal. Maofisa walimfananisha mnyama huyo na qilin, mnyama wa hadithi za Kichina ambaye husemwa hutokea katika zama za mtawala mwadilifu. Yongle alitoka kumpokea twiga wa Malindi kwenye lango la jumba lake. Katika safari ya tano, 1417–1419, merikebu za Zheng He ziliwarudisha wajumbe makwao na kufika Mogadishu, Barawa na Malindi.

Sarafu zenye jina la Yongle zimepatikana pwani ya Kenya: Mambrui karibu na Malindi, na kisiwani Manda karibu na Lamu. Kuwa mwangalifu na ushahidi huu. Sarafu huonesha kwamba pwani ilikuwa ndani ya mtandao wa biashara ulioifikia China; peke yake haithibitishi kwamba Zheng He alikanyaga pale, kwa sababu sarafu hupita mikononi mwa wafanyabiashara wengi. Vilevile, bidhaa za China zilifika pwani karne nyingi kabla ya Yongle kupitia biashara ya Bahari ya Hindi.

(d) Vita vya Vietnam na Mongolia. Mwaka 1400 Ho Quy Ly alinyakua kiti cha enzi cha Vietnam kutoka kwa nasaba ya Tran. Yongle, ambaye mwenyewe alikuwa mnyakuzi, alituma jeshi mwaka 1406 kwa madai ya kurudisha nasaba halali. Baada ya ushindi wa 1407 hakumrudisha mtu yeyote; aliifanya Vietnam kuwa jimbo la China. Le Loi alianzisha vita vya ukombozi mwaka 1418, na mwaka 1427, baada ya kifo cha Yongle, Wachina waliondoka.

Upande wa kaskazini, jeshi alilolituma mwaka 1409 liliangamizwa na Wamongolia. Kuanzia hapo Yongle aliongoza mwenyewe safari 5 za kijeshi: 1410, 1414, 1422, 1423 na 1424. Mbili za mwanzo zilipata ushindi wa maana. Tatu za mwisho hazikuleta matokeo makubwa, kwa kuwa Wamongolia walikwepa mapigano na kutoweka nyikani.

4. Nani alilipa gharama?

Kila kazi iliyotajwa hapo juu ilihitaji mikono na nafaka, na vyote vilitoka kwa wakulima. Wakulima walidaiwa kodi pamoja na siku za kazi ya lazima. Magogo makubwa ya jumba la Beijing yalikatwa misitu ya kusini magharibi na kusafirishwa kwa mito na mifereji. Mkoa wa Shandong ulibeba mzigo mara mbili, kuchimba mfereji na kuijenga Beijing, huku watu wake wakikosa chakula. Mwaka 1420 mwanamke aitwaye Tang Sai'er aliongoza maasi katika mkoa huo. Maasi yalizimwa, lakini yeye mwenyewe hakukamatwa. Serikali iliwakamata watawa wa kike kwa wingi ikimtafuta.

Waliosema kweli serikalini nao walilipa. Mwezi Mei 1421, miezi michache tu baada ya uzinduzi wa Beijing, radi iliwasha moto ulioteketeza kumbi tatu kuu za jumba jipya. Katika imani ya Kichina hiyo ilikuwa ishara ya hasira ya Mbingu. Yongle aliwaomba maofisa wake waeleze makosa ya serikali bila woga. Xiao Yi alieleza kwamba kuhamisha makao makuu lilikuwa kosa, akauawa. Mwaka huohuo waziri wa fedha, Xia Yuanji, alipinga vita vipya vya Mongolia kwa sababu hazina haikuvimudu. Alitiwa gerezani.

Yongle pia aliwategemea matowashi kuliko baba yake alivyokusudia. Hongwu alikuwa ameonya wasiingizwe katika mambo ya serikali. Mwaka 1420 Yongle alianzisha chombo cha upelelezi kilichosimamiwa na matowashi, kuwachunguza maofisa na raia. Chombo hicho kilidumu baada yake na kuwa chanzo cha uonevu katika miaka iliyofuata ya Ming.

5. Kifo na matokeo yake

Yongle alifariki mwezi Agosti 1424 akiwa njiani kurudi kutoka safari yake ya tano ya Mongolia, akiwa na umri wa miaka 64. Alizikwa karibu na Beijing, na baadhi ya masuria wake waliuawa ili wamfuate kaburini. Mwanawe, Kaisari Hongxi, alimtoa Xia Yuanji gerezani, akasimamisha safari za merikebu na kupanga kurudisha makao makuu Nanjing. Alifariki kabla ya kutimiza mpango huo, baada ya kutawala kwa muda usiofika mwaka. Safari ya mwisho ya Zheng He, 1431–1433, iliagizwa na mjukuu wa Yongle, Kaisari Xuande.

Beijing ilibaki makao makuu ya Ming, kisha ya nasaba ya Qing, na leo ni makao makuu ya China. Miaka ya Jianwen iliyofutwa ilirudishwa rasmi katika kalenda mwaka 1595, miaka 193 baada ya Yongle kuifuta. Hili ni funzo la msingi kwa mwanafunzi wa historia: mshindi anaweza kuandika kumbukumbu upya, lakini hawezi kuwafunga midomo watu wa vizazi vyote. Kila unaposoma chanzo, jiuliize kimeandikwa na nani, kwa amri ya nani, na nani hakupewa nafasi ya kusema.

Miaka ya kukumbuka

- 1360: Zhu Di anazaliwa
- 1368: nasaba ya Ming inaanzishwa
- 1398: Hongwu anafariki, Jianwen anatawazwa
- 1399–1402: vita vya kugombea kiti cha enzi
- 1405: safari ya kwanza ya Zheng He
- 1406–1407: Vietnam inavamiwa na kufanywa jimbo
- 1408: ensaiklopidia inakamilika
- 1411–1415: Mfereji Mkuu unafufuliwa
- 1415: twiga wa Malindi anafika China
- 1421: Beijing inazinduliwa kuwa makao makuu, kumbi tatu zinaungua
- 1424: Yongle anafariki

Makosa ya kuepuka

1. Kuandika kwamba Zheng He alikuwa kaisari. Alikuwa towashi na kiongozi wa misafara ya baharini.
2. Kuandika kwamba Yongle alianzisha nasaba ya Ming. Mwanzilishi ni Hongwu, baba yake.
3. Kuandika kwamba Yongle alichimba Mfereji Mkuu. Aliufufua na kuuboresha.
4. Kutaja kazi bila sababu. "Alihamia Beijing" ni taarifa. "Alihamia Beijing kwa sababu Nanjing ulikuwa na wafuasi wa Jianwen, na kaskazini palihitaji ulinzi" ni hoja, nayo ndiyo hupewa alama.

Swali la mfano

*"Kazi za Kaisari Yongle ziliinufaisha China, lakini wananchi wake walilipa gharama kubwa." Jadili kauli hii.*

Neno "jadili" linakutaka uoneshe pande zote kabla ya kutoa msimamo. Panga jibu lako hivi:

Utangulizi: Mtaje Yongle, kipindi chake na jinsi alivyopata madaraka. Sentensi tatu au nne zinatosha.

Upande wa faida: Mfereji uliunganisha kusini na kaskazini, Beijing iliimarisha ulinzi wa mpaka na imedumu hadi leo, ensaiklopidia ilihifadhi maarifa, safari za baharini zilipanua mahusiano ya China hadi Afrika Mashariki.

Upande wa gharama: Kazi ya lazima na kodi, njaa na maasi ya Shandong ya 1420, vita vya Vietnam vilivyoishia kwa kushindwa, mauaji ya 1402, kuadhibiwa kwa Xiao Yi na Xia Yuanji.

Hitimisho: Toa msimamo wako na uutetee. Unaweza kusema, kwa mfano, kwamba mfereji uliendelea kuwafaa watu kwa karne kadhaa, ilhali vita vya mwisho vya Mongolia vilikula hazina bila faida; kwa hiyo kazi hizi hazifai kupimwa kwa kipimo kimoja. Usimalize kwa kurudia hoja ulizokwisha kutaja.

Maswali ya marudio

1. Eleza sababu tatu zilizomfanya Zhu Di aasi mwaka 1399.
2. Kwa nini kufufuliwa kwa Mfereji Mkuu kulikuwa sharti la kuhamia Beijing?
3. Fafanua jinsi safari za Zheng He zilivyosaidia kujenga uhalali wa Yongle.
4. Sarafu ya Yongle imepatikana Mambrui. Taja jambo moja ambalo sarafu hiyo inathibitisha na jambo moja ambalo haithibitishi.
5. Linganisha madai ya Yongle kuhusu vita vya Vietnam na jinsi yeye mwenyewe alivyoingia madarakani.
6. Kwa kutumia mifano ya Fang Xiaoru, Xiao Yi na Xia Yuanji, eleza hatari ya mtawala kuwanyamazisha wanaompa ushauri wa kweli.